Kiuno cha Mama Mwenye Nyumba

Nilifika Toronto kwa njia ndefu ambayo simshauri mtu. Nilitoka Tabora na leseni ya lori na cheti cha kidato cha nne, nikaendesha miaka sita kati ya Kigoma na Lusaka, nikapata kazi ya jikoni kwenye meli ya mizigo huko Durban, nikamenya viazi mpaka Antwerp, na kutoka Antwerp nikamenya vingine mpaka Halifax. Hapo nilingoja karatasi za kukaa Kanada kwa miaka mitatu. Zilipotoka nilipanda basi, nikakaa ndani yake siku nzima na usiku wake, nikabadilisha Montreal, mkononi nina begi moja na anwani iliyoandikwa nyuma ya risiti ya duka. Ilikuwa Machi 2007. Theluji ya kando ya barabara ilikuwa nyeusi kama masizi. Kutoka kituo cha Finch nilipanda basi jingine, nikashuka mahali sipo, nikatembea, na nilipogonga mlango ule wa North York, mguu wangu wa kushoto ulikuwa umeacha kuwa wangu.

Aliyefungua alikuwa mwanamke wa Kihindi wa miaka sitini na kitu, mfupi, mpana kiasi. Aliangalia viatu vyangu, kisha uso, kisha akasema kwa Kiswahili cha Tabora kilichonyooka kuliko changu:

"Umechelewa, chai imepoa. Vua hivyo viatu kabla hujaniharibia nyumba."

Nilikaa kwenye chumba chake cha chini miaka tisa. Sijakaa kokote miaka tisa mfululizo tangu nilipoota ndevu. Wapangaji wote walimwita Mama Mwenye Nyumba, nami nitamwita hivyo hivyo.

Yeye aliniita Utingo. Nilimweleza mara nyingi kwamba nilikuwa dereva, kwamba utingo ni yule anayening'inia nyuma na kuweka vigingi chini ya matairi.

"Dereva ana tumbo," alisema. "Wewe huna tumbo. Wewe ni utingo."

Kinywa chake kilikuwa hivyo. Alikulia nyuma ya kaunta ya duka huko Tabora, na alizungumza na dunia nzima kana kwamba imesimama upande wa pili ikiuliza kama sukari ni nzuri. Aliyepiga simu kumuuzia madirisha mapya alikaripiwa kwa Kiingereza, akamaliziwa kwa Kiswahili, na akimsumbua zaidi, kwa Kigujarati, ambacho sikukielewa lakini nilikiogopa. Alichukia kuchungulia watu, na alilisema hilo akiwa ameshika pazia la dirisha la mbele kwa vidole viwili. Kwa mpangaji aliyemdanganya hakuwa na huruma. Yeye mwenyewe alidanganya madaktari, manesi na mwanawe wa pekee kwa utulivu wa mtu anayemenya kitunguu.

Hakutupa kitu. Mifuko ya plastiki aliiosha na kuianika kwenye vijiko vya mbao. Makopo ya mtindi yalijaa dengu, vifungo, misumari. Kutafuta mtindi kwenye friji ile ilikuwa bahati nasibu. Tabia hii naieleza kwa sababu ilikaribia kumuua.

Alikuwa na kisukari, kile kinachodai insulini tangu siku ya kwanza, alichokipata akiwa msichana. Miaka arobaini alijidunga sindano mara nne kwa siku, wakati mwingine juu ya gauni, akiendelea kuzungumza. Mwaka 2009 kliniki ikampa pampu. Ni kidude cha ukubwa wa simu, kinavaliwa kiunoni, kina mrija mwembamba unaoishia kwenye kanula, yaani kijibomba laini cha plastiki kinachoingia chini ya ngozi na kushikwa na plasta. Insulini inadondoka humo mchana kutwa na usiku kucha. Kila baada ya siku mbili tatu unang'oa kanula, unaweka mpya mahali pengine.

Yeye aliiita pampu ile mke mwenza.

"Inalala na mimi, inaoga na mimi, inaniamsha ikitaka," alisema. "Marehemu mume wangu hakunishika kiuno kiasi hiki hata mwaka wa kwanza."

Siku moja ililia jamatkhana, nyumba yao ya ibada, katikati ya sala, watu wamefumba macho. Ilikuwa na mlio wa kuku aliyekanyagwa. Mama Mwenye Nyumba alifumbua jicho moja, akamgeukia mwanamke aliyekaa kulia kwake, akamtazama kwa masikitiko, kama anayemsamehe. Yule maskini akatoka nje kukagua simu yake. Nilisimuliwa na yeye mwenyewe, anakata tikiti, bila hata chembe ya toba.

Tabu ya pampu ni hii, na ni lazima ieleweke. Mtu wa sindano akikosea mara moja, mwilini bado ana akiba ya sindano iliyotangulia. Mtu wa pampu hana akiba. Kanula ikiziba au ikipinda, saa chache tu sukari inapaa, kisha damu inaanza kuwa asidi, unatapika, unalala sakafuni. Na kanula zake zilikuwa zinaharibika mara kwa mara, mbili kati ya tano, wakati mwingine tatu. Pampu hailii kila mara. Mara nyingi cha kwanza kukuambia ni kiu.

Majira ya baridi yaliyofuata alibebwa na gari la wagonjwa mara mbili. Mara ya kwanza alisema ni sambusa. Mara ya pili nilimkuta mimi, amekaa kwenye ngazi, ameshikilia ndoo, ananiambia nisikanyage hapo amepiga deki.

Mwanawe akaja kutoka Ottawa. Alikuwa daktari wa meno, mpole, mrefu, mwenye mikono iliyonukia sabuni. Kiswahili alikielewa chote na hakujibu hata neno moja la Kiswahili. Mama anasema lugha hii, mwana anajibu ile, na wanagombana vizuri tu. Alisimama jikoni akasema kwamba gari la wagonjwa likija mara ya tatu, nyumba inauzwa, na mama anahamia kwake Ottawa, chumba kiko tayari, kina zulia.

"Zulia," Mama Mwenye Nyumba aliniambia alipoondoka, kwa sauti ya mtu aliyetajiwa jeneza. Kisha akakaa. Nilikuwa sijawahi kumwona akikaa mbele ya sufuria iliyo motoni. "Utingo, huko nitakaa nasubiri watu watoke kazini. Nitakuwa kama paka."

Sitajifanya malaika. Nyumba ikiuzwa, mimi na chumba changu cha chini tunauzwa pia, na pilau ya Jumapili. Nilikuwa naendesha lori la mikate, natoka alfajiri na kurudi mchana, kwa hiyo nilikuwa na alasiri zote za kumsumbua. Nikamwambia tuishughulikie pampu kama gari linalozima njiani: hatubadilishi kila kitu kwa pamoja, tunaanza upande mmoja.

"Wewe unajua nini kuhusu pampu?"

"Mrija ni mrija, Mama."

Nilianza na hewa, kwa sababu hewa naijua. Lori la dizeli likiingiza hewa kwenye mrija wa mafuta linakufa mlimani hata tanki likiwa limejaa. Nilimwomba anioneshe anavyojaza. Alitoa insulini kwenye friji, baridi kama samaki, akaijaza hapo hapo kwenye kitanki na kukichomeka kwenye pampu kiunoni. Baada ya saa moja nikautazama mrija kwenye mwanga wa dirisha: viputo, vimepangana kama shanga. Ikipata joto, insulini ya baridi inaachia hewa yake. Tukaanza kuiacha mezani kwanza, anagonga kitanki kwa kucha, anasukuma viputo nje kabla ya kujiunganisha. Alinitazama kwa heshima kwa muda wa siku nne. Siku ya tano kanula ikaharibika tena.

Tukahamia kwenye plasta. Hewa ya ndani ya nyumba za Toronto wakati wa baridi, na hita inavyowaka, inakausha mtu kama dagaa, na Mama Mwenye Nyumba kila akitoka kuoga alijipaka mafuta ya nazi kuanzia shingoni mpaka visiginoni. Kisha akabandika plasta juu ya mafuta. Plasta ikakaa kwa adabu mpaka saa sita mchana, halafu ikaanza kunyanyuka pembeni, na kanula ikatoka nusu. Hilo hakuwahi kumwambia nesi.

"Kwa nini?"

"Nimwambie mtoto wa watu kwamba najipaka mafuta? Ataniona mchafu."

Akakubali kuacha duara moja kavu, la ukubwa wa kisahani, alilolifuta kwa pamba na spiriti kwa uso wa mtu anayeosha sufuria ya jirani. Mambo yakawa mazuri zaidi. Si mazuri kabisa.

Nesi wa kliniki, ile ya kwenye barabara ya Bathurst, alikuwa Mfilipino kijana mwenye subira ya ajabu. Siku moja niliingia na Mama Mwenye Nyumba kwa sababu alikuwa amesahau miwani. Alivaa kama kila anapokwenda kliniki: suruali nyeusi iliyopigwa pasi, blauzi ya hariri, pete. Nesi alibonyeza tumbo lake pande zote mbili na kumwonesha, kushoto, chini ya kitovu kidogo, uvimbe mgumu kama ndimu. Alikuwa ameweka kanula hapo hapo karibu mwaka mzima, maana hapo hapaumi.

"Hapaumi kwa sababu pameshachoka," nesi akasema. "Insulini haipiti vizuri hapo. Unabadilisha kila siku tatu?"

"Yes, yes," akasema Mama Mwenye Nyumba, kwa tabasamu la dukani.

Mimi nilijua ni siku sita. Kutupa kanula ambayo bado inafanya kazi kwake ilikuwa sawa na kutupa mkate uliobaki nusu. Nilikohoa. Alinikanyaga.

Nesi akauliza maswali mengine. Analala tumbo? Hapana. Anavaa suruali za kubana, mkanda? Hapana, hajawahi kuvaa mkanda maishani mwake. Hilo lilikuwa kweli tupu, na ndilo lililotupoteza miezi miwili.

Nyumbani tuliweka kalenda kwenye mlango wa friji. Aliandika namba ya sukari, mimi niliandika kanula iko wapi na ya siku ya ngapi. Alihamia upande wa kulia, akabadilisha kila siku tatu huku ananung'unika. Na bado, wiki hii nzuri, wiki ile mbaya. Nilikaa mbele ya friji nikaitazama kalenda kama ramani ya barabara mbovu. Siku za kliniki nzuri. Jioni za jamatkhana nzuri. Siku aliyokwenda kumwangalia rafiki yake mgonjwa huko Vaughan, nzuri kuliko zote. Jumamosi na Jumapili, kumi na nane, ishirini, kumi na tisa, wakati kliniki ilitaka isizidi kumi.

"Ni chakula," nikasema. "Wikendi unakula."

"Nakula nini? Nahesabu wali kwa kijiko. Ninyi ndio mnaokula."

Ilikuwa kweli. Basi Jumamosi moja nikakaa kwenye stuli ya jikoni, namtazama anapika chapati za wageni ishirini. Alivaa gauni lake la nyumbani. Kabla hajagusa unga, alichukua kanga kutoka nyuma ya mlango, akaizungusha kiunoni, akaivuta kwa nguvu, akaivuta tena, akapiga fundo. Kibwebwe, kama mama yangu, kama shangazi zangu wote kabla ya kazi yoyote ya maana. Kisha akaegemea kaunta na kuanza kukanda, uzito wote mbele, na kila alipoukandamiza unga, fundo lile lilikandamizwa kati ya tumbo na ukingo wa kaunta.

"Mama, usifungue hiyo kanga."

Aligeuka taratibu. "Nifungue mbele yako, wewe nani?"

"Nasema usifungue. Kanula iko wapi?"

Aliacha unga. Alishusha mkono wenye unga mpaka kwenye fundo, akaubonyeza, akatulia hapo. Kisha akaingia bafuni, na nikasikia plasta inavuliwa. Alitoka ameshika kanula kati ya vidole viwili. Kijibomba kilikuwa kimekunjika katikati kama mrija wa soda uliotafunwa.

"Kulia," alisema polepole. "Nilipohamisha kanula kulia, nikahamisha na fundo. Ili nisibane ule uvimbe."

"Na ulipokuwa unaweka kushoto?"

"Fundo kushoto."

Tulitazamana. Nesi aliuliza mkanda. Mama Mwenye Nyumba hakuwahi kuingia kliniki na kanga, angeona haya, kwa hiyo hakuna mtu mwenye koti jeupe aliyewahi kuona kitu kilichokuwa kinamziba. Nilianza kucheka na yeye akaanza kunifokea, kisha akacheka, akalia kidogo, akarudi kwenye chapati. Alijidunga kwanza kwa kalamu ya akiba, ile sindano ya insulini yenye umbo la kalamu, hilo nilihakikisha.

Nilidhani kazi imekwisha. Nikamwambia apike bila kibwebwe.

"Chakula kitakuwa cha hospitali."

"Basi funga kwa kulegeza."

"Kibwebwe cha kulegea ni nini? Hiyo ni shuka."

Ikabidi kiuno kikae na kanga na kanula ihame. Safari iliyofuata alimweleza nesi ukweli wote, mafuta, siku sita, kanga, alimwonesha mpaka namna ya kufunga, na nesi akaandika kurasa mbili. Akamwambia kuna sehemu nzuri ambayo haijaguswa kabisa: nyuma, juu ya makalio, ambako kwa maneno ya nesi kuna nafasi ya kutosha. Mama Mwenye Nyumba alilipokea hilo kama sifa.

Tatizo ni kwamba huko hafiki kwa macho. Mimi nisingeweza kumsaidia. Kuna mambo mpangaji hafanyi. Nikaenda kwa rafiki yangu mwenye yadi ya magari mabovu, nikang'oa kioo cha pembeni cha lori, kile kirefu chenye vioo viwili, nikakifunga kwa boliti kwenye ukuta wa bafuni kwa kiwango cha kiuno. Kioo cha chini kinaonesha vitu kama vilivyo. Cha juu ni cha mbinuko, kinafanya vitu vionekane vidogo kuliko vilivyo. Nilimfundisha kama ninavyomfundisha dereva mpya kurudi nyuma: tazama kioo, tulia, usigeuze kichwa.

Alitoka baada ya robo saa.

"Imekaa," alisema. Akangoja kidogo. "Hicho cha juu ndicho kizuri."

Gari la wagonjwa halikuja tena. Sisemi kanula hazikuziba. Ziliziba, si kama zamani, mara moja kwa mwezi, mara moja kwa miezi miwili, kwa sababu ambazo hata nesi alisema ndivyo zilivyo. Lakini alijua la kufanya kabla ya kutapika: sukari ikipanda mara mbili mfululizo bila sababu, haibembelezwi, anajidunga kwa kalamu, anatupa kanula, anaweka mpya, anapima tena baada ya saa moja. Alifanya yote hayo na kumficha mwanawe. Kila Ijumaa dokta wa meno alipiga simu kuuliza, na kila Ijumaa aliambiwa kila kitu ni shwari, hata kama mama alikuwa ameshika kalamu mkononi.

Mimi miguu ilianza kuniwasha mwaka wa tisa. Binamu yangu wa Mwanza alipata lori, akataka dereva asiyeiba mafuta. Nilimwambia Mama Mwenye Nyumba mezani. Alimeza alichokuwa anatafuna, akasema nitakufa njaa, kisha akaniuliza kama nitahitaji masufuria.

Niliondoka mwezi Agosti 2016. Mwanawe alikuwa amekuja kwa wikendi na alijitolea kunipeleka uwanja wa ndege. Asubuhi ile, wakati tunapakia begi, nilimwona mama anakunywa glasi ya tatu ya maji. Aliniona namwona. Akaingia bafuni, akafunga mlango.

Dokta alitazama saa. "Yuko sawa?"

"Anajipodoa," nikasema.

Alitoka akiwa amepaka rangi ya mdomo, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa miaka tisa. Alinipa chapati kwenye karatasi ya fedha, akaninyoosha kola, akaniambia nisikae karibu na choo kwenye ndege. Nilimuuliza kwa nyusi. Alitazama pembeni. Kwa Kiswahili nisingeweza kusema kitu, mwanawe yuko pale na masikio yake. Tukaondoka.

Barabara kuu ya 401 ilikuwa imesimama, lori limelala mbele huko. Karibu saa nzima tulisogea kwa hatua. Hapo ndipo dokta aliposema, kwa Kiingereza chake cha upole, bila kunitazama:

"Sasa huna chumba cha kupoteza. Niambie ukweli. Nimhamishe?"

Ningeweza kusema hapana, na lingekuwa jibu lile lile la miaka saba. Nikamwambia kwamba asubuhi ile kanula ilikuwa imeziba, na kule bafuni alikuwa anabadilisha.

Aliwasha indiketa. Alikuwa anatafuta njia ya kutoka, shingo imekakamaa, magari hayampishi. Nikamwambia ameshabadilisha mamia ya mara, akirudi atamkuta anapima na atamfukuza. Hakunisikia. Indiketa ikaendelea kugonga.

Simu ikalia kwenye spika za gari.

"Huyo Utingo bado yumo?" ilikuwa sauti ya mama.

"Yumo," dokta akajibu kwa Kiingereza.

"Mwambie ilikuwa ishirini na moja. Nimejidunga, nimebadilisha. Sasa kumi na saba, inashuka."

Dokta aliisogelea spika. "Mama, uliniambia uko sawa."

"Nilikuwa sijamaliza. Sasa nimemaliza, nakuambia. Nitapima tena baada ya saa moja na nitakupigia wewe, si yeye, yeye anaenda zake. Na nikikuta haishuki nitakuambia uje. Usije kabla sijasema." Tukasikia maji yanafunguliwa, sufuria inagonga sufuria. "Usimcheleweshee ndege mtoto wa watu."

Akakata.

Dokta alikaa na mikono kwenye usukani. Gari la nyuma yetu lilipiga honi. Alizima indiketa, tukabaki kwenye njia yetu.

Uwanjani alinishushia begi mwenyewe. Tulipopeana mikono hakuuachia wangu.

"Hiyo kalamu ya akiba," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema kwa Kiswahili, kizito, cha mtoto. "Anaweka wapi?"

Nikamwambia: mlango wa friji, nyuma ya achari ya embe, kwenye kopo la mtindi. Aliliandika kwenye simu yake, neno kwa neno, nikaingia ndani.